Barua ya wazi kwa kamati ya amani ya kaunti: mikutano ya mahema si mazungumzo

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya amani ya kaunti,
Kwa waheshimiwa wa utawala wa taifa mnaoketi katika kamati hiyo,
Kwa makatibu wa vyama vya siasa katika kaunti yetu, huku Pwani.

KUH: FEDHA NA MUDA WA MAZUNGUMZO KATI YA WAFUASI WA MIRENGO TOFAUTI

Waheshimiwa,

Tunawaamkua kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo tunasema kuwa tumengoja vya kutosha. Sisi ni wasimamizi wa vikao vya mtaani. Kazi yetu ni kuwaketisha pamoja watu wanaopigia kura mirengo inayopingana, wasikizane kabla hawajafika pa kurushiana mawe. Tuliwaandikia kwa faragha, barua zikagongwa muhuri wa kupokelewa, basi. Tulipofuatilia tuliahidiwa kuwa jambo letu litaingizwa kwenye mpango. Mpango ulipotoka ulikuwa na mahema, spika, fulana na semina ya hotelini. Ndiyo maana leo tunaandika mbele ya kila mtu.

Kaunti haiwaki moto, na hatutaki kumtisha mtu. Lakini dalili zipo. Kuna mteja anayepita duka la jirani kwa sababu ya picha iliyobandikwa mlangoni. Makundi ya WhatsApp ya mitaa yamepasuka mawili, la wantam, wanaotaka Rais akae muhula mmoja tu, na la tutam, wanaomtakia mihula miwili. Kuna stendi ambako bodaboda wamegawana hata kivuli cha mwembe. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Ule wa Agosti 2022 uliigawa nchi karibu nusu kwa nusu, asilimia 50.49 kwa 48.85, na katika nchi iliyogawika hivyo ni nadra kupata mtaa wenye watu wa upande mmoja peke yake. Mnapoita mahali "ngome", mjue mle ndani mna watu waliojifunza kunyamaza.

Yanayotusumbua ni haya.

1. Mnachokiita mazungumzo ni hotuba.

Chukueni mkutano wa watu 200. Kila mmoja akipewa dakika mbili tu, ni dakika 400, yaani saa sita na dakika 40, bila sala ya kufungua. Kwa hivyo hapewi. Itifaki inazingatiwa, mgeni rasmi anachelewa, kila mwenye cheo anashika maikrofoni, kisha mwakilishi wa kina mama anaambiwa azungumze kwa ufupi kwa sababu muda umekwisha. Watu wanarudi nyumbani na soda na fulana, na hakuna aliyemwuliza mtu wa upande wa pili swali hata moja.

Kikao kinachofanya kazi ni kidogo, na udogo wake una hesabu. Ni watu 12, sita wa mrengo huu na sita wa ule. Wakiwa chini ya wanane, akiugua mmoja mizani imeharibika, na wawili wepesi wa kusema wanakiteka kikao. Wakizidi 14, yuko atakayeondoka bila kufungua kinywa. Kila mtu akipewa dakika 3 kwa kila swali, mzunguko mmoja ni dakika 36, na maswali matatu ni dakika 108. Ongezeni 10 za kukubaliana masharti, 15 za chai na 15 za kufunga, mnapata 148, karibu saa mbili na nusu. Anayetaka kufupisha huukata mzunguko wa tatu, nao ndio wenye faida kubwa kuliko yote.

Swali la kwanza ni hili: ni jambo gani lililokupata likakufanya uamini unavyoamini? Ukimwuliza mtu anamuunga nani mkono, atakujibu kwa kauli ya mwanasiasa wake. Ukimwuliza lililompata, atakueleza jinsi ardhi ya babake ilivyopimwa ikaandikwa jina la mtu asiyemjua, au jinsi kazi ya bandarini ilivyokauka makontena yalipoamriwa kupanda reli mwaka 2019. Kauli ya kisiasa hupingwa palepale. Lililompata mtu halipingiki, linaulizwa zaidi.

La pili: katika yote tunayogombania, lipi ni la kwanza kwako na kwa nini? La tatu: ni jambo gani katika upande wako mwenyewe linalokukera au kukutia shaka? Hili halitangulizwi. Mkiliuliza mapema mtaonekana mnatafuta wasaliti, na kila mtu ataapa kuwa upande wake hauna doa. Lije baada ya chai, watu wakiwa wameshapokezana sukari, na aanze mtu ambaye msimamizi amemwona ametulia. Akikiri mmoja wa upande huu, ni nadra upande ule ukatae kulipa.

Kabla ya kujibu hoja, anayetaka kujibu hurudia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe mpaka msemaji aseme "ndivyo". Mara ya kwanza wengi hukosea, maana walikuwa wakitayarisha jibu badala ya kusikiliza. Hapo msimamizi anyamaze, amwache msemaji asahihishe. Wazee wengine huona zoezi hili ni la watoto wa chekechea. Dawa yake ni ndogo: mzee awe wa kwanza kurudiwa maneno yake, si wa kwanza kurudia ya wengine. Akishasikia hoja yake imetoka salama kinywani mwa kijana wa mrengo wa pili, hasumbui tena.

Mengine ni ya upangaji. Viti viwe sawa na vipangwe kwa mduara, bila meza kuu. Pasiwe na kofia wala leso ya chama. Simu zikae kwenye kikapu, na anayerekodi atolewe. Kila mtu aseme "mimi", asianze sentensi kwa "nyinyi watu wa mahali fulani", maana ugomvi mwingi tunaousimamia huanzia hapo. Wasimamizi wawe wawili, kila mmoja ameaminiwa na upande mmoja na hakuna mwenye cheo cha chama, na pawe na mtu wa tatu wa kushika saa. Chifu ajulishwe kwa barua mapema lakini asiketi. Hilo si kumvunjia heshima. Askari wake akisimama mlangoni, watu watasema wanachodhani serikali inataka kusikia.

Na kosa linaloharibu vikao vingi kuliko matusi ni msimamizi kukimbilia muafaka. "Tukubaliane tu kuwa sisi sote ni Wakenya" humfunga mdomo yule aliyekuwa karibu kusema linalomuuma. Kikao hakiitishwi ili mtu abadilishe kura. Atoke na kura yake, ila aweze kueleza ya jirani yake bila tusi, kwa namna ambayo jirani mwenyewe angeikubali.

2. Mnawaalika wasiohitaji kualikwa, tena kwa saa isiyofaa.

Majina yenu hutoka ofisi za vyama na ofisi ya chifu, kwa hivyo sura ni zilezile kila mkutano. Wakereketwa hao wanajuana, na wengine walishahama chama mara kadhaa. Washiriki wachukuliwe kutoka mahali ambapo watu wamechanganyika tayari: chama cha akina mama cha kuchangiana, stendi ya bodaboda, kamati ya ufuo ya wavuvi, timu ya mpira, wazazi wa shule moja. Hao wana sababu ya kuelewana kesho, uchaguzi uwepo usiwepo.

Saa nayo ina siasa yake. Mkutano wa Ijumaa mchana unamwacha nje Mwislamu. Wa saa kumi jioni unamwacha nje bodaboda, maana ndiyo saa ya abiria, na mama anayepika. Mkiitisha kikao kipindi cha bamvua, mtawakosa wanaotafuta pweza mwambani, kwa sababu ndipo maji yanapokupwa sana. Kwetu, saa nne asubuhi siku ya Jumamosi, wakati wa maji mafu, ndiyo hupata wengi. Muuza mahamri ameshamaliza, na mvuvi hana haraka. Mpangaji wenu aliyeko ofisini hawezi kulijua hili bila kuuliza.

3. Semina za upande mmoja zinawafanya watu wakali zaidi.

Mmekuwa na desturi ya kuwaita vijana wa chama kimoja hotelini kwa siku mbili "kuwafunza amani", kisha wa chama kingine wiki inayofuata. Waliochunguza tabia ya makundi wamelithibitisha jambo hili kwa miaka mingi: watu wenye mwelekeo mmoja wakijadiliana peke yao, hutoka wakiwa wameusukuma mbali kuliko walivyoingia nao. Kila mmoja husikia hoja mpya za kuunga alichokuwa akiamini, na hakuna wa kuzipima. Tena anayetaka kusifiwa na wenzake huongeza chumvi kidogo, na anayemfuata huongeza nyingine.

Wala msidhani kuwachanganya tu kunatosha. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliyataja masharti manne ya kukutana kunakopunguza chuki: watu wawe na hadhi sawa pale walipo, wawe na lengo la pamoja, washirikiane kulifikia badala ya kushindana, na wenye mamlaka waunge mkono waziwazi. Mkutano wenu una sharti la nne peke yake, na hilo nalo huja na ving'ora.

Kenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wajir, mwaka 1993, koo zikiuana, wanawake wa koo tofauti walianzia sokoni. Walihakikisha kila mwanamke anaweza kuuza na kununua bila kuulizwa ukoo wake, na kukitokea ugomvi waliumaliza palepale. Mmoja wa waanzilishi, Dekha Ibrahim Abdi, baadaye alitambuliwa duniani kwa kazi hiyo. Kutoka sokoni ndipo wakawafuata wazee, na wazee wa koo ndogo ambazo hazikuwa pande kuu za vita ndio waliokalishwa mbele. Azimio la Al-Fatah likatoka mwaka huohuo, na kufikia 1995 kamati ya amani ilikuwa imeingizwa katika mfumo wa wilaya, serikali ikiwa mjumbe. Angalieni mfuatano: soko, wazee, kisha serikali. Kamati za amani mnazoongoza leo zina asili yake huko, lakini nyinyi mmeanza na serikali na sokoni hamjafika.

4. Mnakuja mmechelewa.

Misafara yenu ya amani hutoka mwezi wa mwisho kabla ya kura. Likoni ilishambuliwa usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi minne na nusu kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Desemba. Mauaji ya Tana Delta yalianza Agosti 2012, zaidi ya miezi sita kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Mnaona wenyewe kwamba kalenda yenu na kalenda ya fujo hazikutani.

5. Wakubwa hupeana mkono, na mtaani hakuna anayeambiwa kitu.

Tarehe 28 Februari 2008 mkataba kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga ulitiwa sahihi baada ya watu zaidi ya 1,100 kufa. Tarehe 9 Machi 2018 tukaona Uhuru Kenyatta na Raila wakisalimiana ngazini Harambee House. Tarehe 7 Machi 2025 vyama viwili vilivyokuwa vikitukanana, UDA na ODM, vikatia sahihi tena. Hatupingi viongozi kuelewana. Waliokufa 2008 wangekuwa wengi zaidi bila hivyo. Shida ni ya aliyeachana na rafiki yake wa miaka kwa ajili ya mrengo, akaamka asubuhi akakuta mrengo umehamia kule kwa rafiki. Hakuna aliyemwonyesha njia ya kurudi. Wengi huona haya, wakatafuta adui mpya, kwa sababu kumtafuta adui mpya ni rahisi kuliko kubisha hodi.

Kwa hiyo kila makubaliano ya juu yanapotiwa sahihi, vyama vitenge wiki sita za vikao vya chini katika kila wadi, na swali la kufungua liwe moja tu: ni nani tuliacha kusemezana naye, na ilianzaje? Hatujui chama kilichowahi kufanya hivi kwetu. Makatibu, jambo hili ni lenu moja kwa moja.

6. Uvumi mnauachia polisi.

Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na mengine yalikuwa ya kwetu kabisa: "wakuja", "wabara waende kwao". Ilikuwa kazi ya lazima, na sheria ya mwaka 2008 iliyoiunda tume hiyo inakataza maneno ya chuki. Lakini mtu aliyekatazwa kusema "wakuja" hubuni msemo mwingine kabla ya magharibi, na malalamiko yake ya ardhi yako palepale.

Uvumi unahitaji mtu wa kumpigia simu. Baada ya mauaji ya Tana Delta ulianzishwa huko mradi wa Una Hakika. Mwananchi alituma ujumbe mfupi kueleza alichosikia, wajitolea wa vijijini wakauliza kwa watu wanaoaminika pande zote mbili, kisha jibu likamrudia aliyeuliza na jirani zake. Nguvu ilikuwa kwenye kurudisha jibu, hata lilipokuwa "kweli, limetokea".

Mtaani hili halihitaji mtambo wowote. Kikao kinapokwisha, kila mshiriki hupewa jozi wa upande wa pili, wakabadilishana nambari za simu. Sharti ni kwamba ukipokea habari ya shambulio, ya kura iliyoibwa au ya watu "wanaoletwa usiku kwa malori", hutumi kwa mtu mpaka umempigia jozi wako. Kupiga, si kuandika, maana sauti ya mtu unayemjua hupunguza hasira na maandishi huiongeza. Asipopatikana, unampigia msimamizi. Jozi hulegea zikiachwa bila kazi: kila baada ya wiki mbili wapigiane hata kama hakuna habari, la sivyo siku ya habari mbaya simu itaonekana ya mgeni.

7. Majibu hayarudi.

Watu walishasema mbele yenu kuhusu hati za ardhi, basari zinazotolewa kwa kujuana na taa za barabarani zinazozimika mtaa mmoja tu. Karani aliandika. Hadi leo hakuna aliyerudi hata na "hapana". Mtu aliyesema akapuuzwa haji tena, na akija anakuja na kelele. Kifungu cha 10 cha Katiba kimeweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeeleza jinsi wananchi watakavyoshirikishwa na kuelimishwa uraia. Kuwakusanya chini ya hema si kushirikisha.

Waheshimiwa, majibu yenu tunayakisia, maana mengine tumeshayasikia.

Mtasema hakuna bajeti. Kikao kimoja cha watu 12 kwa hesabu yetu ni hivi: nauli shilingi 300 kwa kila mshiriki, jumla 3,600; wasimamizi wawili kwa 2,500 kila mmoja, 5,000; chai na mahamri ya watu 15 kwa shilingi 100, 1,500; karatasi na kalamu, 400. Jumla ni shilingi 10,500. Viti na ukumbi hutolewa na madrasa, kanisa au shule, mkiandika barua. Kundi moja linahitaji vikao vinne, wiki mbili baina ya kimoja na kingine, kwa hiyo ni shilingi 42,000. Makundi manne katika wadi ni 168,000. Gharama ya hema, spika, fulana na ukumbi wa hoteli mnaijua nyinyi. Wekeni hesabu mbili hizo mezani, wananchi waone.

Mtasema watu wanafuata posho. Wanafuata posho kwa sababu mmewafunza hivyo. Nauli si posho: inalipwa mwishoni, ni sawa kwa kila mtu, inatiwa sahihi, na hakuna bahasha. Anayekuja kwa bahasha hupotea kikao cha pili, nasi tunamwacha aende. Kwa sababu hiyo andikisheni 14 mkitaka wabaki 12.

Mtasema ni hatari kuwaweka wapinzani chumba kimoja. Hatari ipo, na ina utaratibu wake. Kila mshiriki huonwa peke yake kabla ya kikao kwa dakika 20. Aliyepoteza ndugu katika machafuko haketishwi mbele ya anayemshuku. Hiyo ni kesi ya wataalamu wa majeraha ya moyo, na kulazimisha msamaha hapo ni ukatili. Sauti ikipanda, msimamizi hasemi "tulieni". Hutaja alichoona, husimamisha saa, na kila mtu huandika au hukaa kimya dakika mbili kabla ya zamu inayofuata. Akitukana mtu mara ya pili, anasindikizwa nje na msimamizi wa upande wake mwenyewe, si wa upande wa pili. Hilo la mwisho lizingatieni sana. Akitolewa na wa upande wa pili, upande wake wote hutoka naye.

Mtasema kuna watakaotumwa na wanasiasa. Watakuja, na mtawatambua kwa urahisi: wana karatasi mfukoni. Msiwafukuze. Swali la kwanza huwashinda, kwa sababu karatasi haina lililowapata. Wengine huikunja wakabaki.

Na mtasema kazi hii ni ya tume ya taifa au ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Tume ya uchaguzi inasimamia kura. Jirani asiyemwamkua jirani yake hayumo katika majukumu yake.

Kuna ukosoaji mmoja tunaoukubali nusu: kwamba mazungumzo yanaweza kuwa njia ya kuwatuliza wanaodhulumiwa ili dhuluma iendelee. Ni kweli, yanaweza. Kijana aliyeandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha akiambiwa leo "njoo tuzungumze" na serikali ambayo haijamjibu, ana haki ya kukataa. Heshima tunayoisimamia ni ya mtu kwa mtu; haimpunguzii yeyote haki yake ya Kifungu cha 37 ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, na msimamizi anayetumia kikao kuwazuia watu kuandamana amevunja sharti. Ndiyo maana tumelalamikia majibu yasiyorudi. Vikao bila majibu vitakuwa hicho hasa kinachoshukiwa.

Basi tunaomba haya, kwa utaratibu huu.

Theluthi mbili ya fedha zilizotengewa mikutano ya amani mwaka huu wa matumizi ziende kwenye vikao vidogo, na hesabu yake ibandikwe katika kila ofisi ya wadi. Vikao vianze kabla ya tarehe 10 Novemba 2026, miezi tisa kabla ya uchaguzi, vikianzia wadi ambako matokeo ya 2022 yalikaribiana na zile mnazoziita ngome. Mkianza na wadi zilizotulia, mtapata picha nzuri za ripoti na si kingine.

Wasimamizi wafunzwe siku tatu, kisha wakae kama wasaidizi katika vikao viwili kabla ya kuachiwa chao. Msiwapunguzie hapo. Msimamizi aliyefunzwa kwa slaidi peke yake huanza kuhubiri dakika ya 20. Nusu yao wawe wanawake, na angalau mmoja katika kila jozi awe chini ya miaka 35.

Kila suala lililoandikwa kikaoni, bila jina la aliyesema, lipate jibu la maandishi ndani ya siku 21: ndiyo, hapana, au si mamlaka yetu na ofisi husika ni hii. Jibu lisomwe na afisa aliyekuja mwenyewe mbele ya kundi lilelile.

Makatibu wa vyama wote watie sahihi karatasi moja fupi, kwamba mwanachama atakayehudhuria hataitwa msaliti, hatanyimwa tiketi wala kazi ya wakala wa kituo kwa sababu hiyo. Bila karatasi hiyo tutapata wasio na la kupoteza tu. Katibu atakayekataa aseme hadharani kwa nini, nasi tutaichapisha sababu yake neno kwa neno bila kuongeza letu.

Na semina za upande mmoja zisimamishwe mara moja. Hilo halihitaji bajeti.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii kutoka. Mwongozo wetu wa maswali, masharti, fomu ya kumwona mshiriki na daftari la majibu tuko tayari kuwakabidhi bila malipo, na wasimamizi wa kundi la kwanza tutawafunza wenyewe, mkitupa ukumbi na chai.

Wenu katika kazi,

Wasimamizi wa vikao vya mtaani

Nakala: ofisi zote za wadi, makatibu wa vyama, viongozi wa misikiti na makanisa, kamati za ufuo, stendi za bodaboda.